Mtumwa, Bwana na Mkombozi: Kiswahili cha Ibada katika Kanisa Kuu la Mkunazini

Wahenga walinena kwamba kusikia si kuona. Walichokusudia ni kuwa jicho ni shahidi mwaminifu kuliko sikio. Hata hivyo, pana mahali kisiwani Unguja ambapo methali hii hupinduka, ikawa kuona si kusikia. Mahali penyewe ni Kanisa Kuu la Kristo lililoko Mkunazini, katika Mji Mkongwe. Wageni kutoka pande zote za dunia huingia humo wakiongozwa na watembeza watalii. Huonyeshwa madhabahu, nguzo, madirisha ya vioo vya rangi na kaburi la askofu. Kisha hutoka nje wakapiga picha mbele ya sanamu ya watumwa watano waliofungwa mnyororo shingoni, kazi ya msanii wa Kiswidi Clara Sörnäs ya mwaka wa 1998, wakaenda zao. Wameona mengi. Walichosikia ni sauti ya mtembezaji tu, aghalabu kwa Kiingereza au lugha nyingine ya Ulaya. Ibada ya Kiswahili, ambayo ndiyo iliyojengewa nyumba hiyo, hawakuisikia.

Mtalii hana lawama, kwani hakuja kwa ajili ya lugha. Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili naye akipata bahati ya kufika Unguja hufanya vivyo hivyo. Hununua tiketi, akatazama mawe, akaondoka. Arudipo darasani hukutana tena na lugha ya ibada katika somo la isimujamii, chini ya kichwa “sajili ya dini”, ikiwa imepangwa katika orodha: msamiati maalumu, takriri, lugha ya unyenyekevu, kurejelea vitabu vitakatifu. Orodha hukaririwa, mtihani hufanywa, na jambo huishia hapo. Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba orodha hiyo huficha zaidi ya inavyofichua. Lugha ya ibada ni maandishi ya kihistoria yanayotamkwa kila Jumapili, na hakuna mahali panapolidhihirisha hilo kuliko chini ya paa la Mkunazini.

Soko lililogeuzwa madhabahu

Ni vyema kukumbuka historia ya mahali hapo kwa muhtasari. Mnamo Juni 1873, Sultani Barghash bin Said, akishinikizwa na Uingereza, alitia sahihi mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kuyafunga masoko yao. Siku ya Krismasi ya mwaka uo huo, jiwe la msingi la kanisa likawekwa katika kiwanja cha soko la Mkunazini. Aliyeisimamia kazi hiyo ni Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyefika Unguja mwaka wa 1864 pamoja na Askofu William Tozer, na ambaye mwenyewe alifanywa askofu mwaka wa 1874. Ujenzi ulichukua sehemu kubwa ya muongo huo. Paa lilikuwa la kushangaza watu: mfano wa pipa lililopasuliwa kati kwa urefu, lililomiminwa kwa zege ya matumbawe yaliyopondwa na saruji. Husimuliwa kwamba wengi walilitarajia kuporomoka. Bado limesimama. Husimuliwa vilevile kwamba nguzo kadhaa karibu na mlango wa magharibi zilisimamishwa kichwa chini miguu juu na mafundi waliokuwa wameachwa peke yao kwa muda. Askofu aliporudi aliamua zibaki hivyo.

Madhabahu yaliwekwa mahali panapoaminika kuwa ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa mijeledi. Duara la marumaru nyeupe lililozingirwa na nyekundu hupaonyesha sakafuni. Karibu na hapo umetundikwa msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambao chini yake moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka wa 1873. Steere alifariki mwaka wa 1882, naye akazikwa nyuma ya madhabahu hayo.

Hapo ndipo masimulizi ya watembezaji hukomea, na hukomea mapema mno. Mkataba wa 1873 uliufunga mlango wa soko lakini haukuufunga utumwa. Hadhi ya mtumwa kisheria ilibaki Unguja na Pemba hadi mwaka wa 1897, na katika ukanda wa pwani wa Kenya hadi mwaka wa 1907. Kwa hiyo kanisa hili lilipoanza kusaliwa lilizungukwa na mitaa iliyojaa watu waliokuwa bado ni mali ya wenzao. Waliopiga magoti ndani na waliobeba maji nje pengine walitoka kijiji kimoja. Tofauti yao ilikuwa ni neno moja tu: huru. Msomaji asipolishika jambo hilo, hataelewa uzito wa maneno yanayotamkwa humo.

Sauti chini ya paa la matumbawe

Ibada ya Jumapili huanza kwa maandamano. Msalaba hutangulia, kwaya na wahudumu wakafuata, na kasisi akaja nyuma yao. Misheni ya Vyuo Vikuu ilishika mapokeo ya Kianglikana yaliyo karibu sana na Ukatoliki, na kwa sababu hiyo uvumba, mishumaa na majoho ni sehemu ya urithi wa nyumba hiyo. Akina mama huja na kanga na vitenge, watoto wakavaa viatu vinavyolia juu ya marumaru. Wakristo ni wachache mno visiwani, na wengi wa waumini hawa asili yao ni bara. Nje ya ukuta, mji ulio wa Kiislamu unaendelea na shughuli zake. Hayo jicho huyaona.

Sikio nalo hupokea jambo jingine. Kasisi akitamka sehemu yake na umati ukaitikia, mgeni hugundua kwamba mamia ya watu wanasema kwa mwendo mmoja bila ya kuongozwa na mtu. Sababu ya kiisimu ipo. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, na mkazo wa neno hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno hayagongani. Umati huweza kukariri kwa pamoja kama wapiga makasia. Paa la mawe nalo huishika kila irabu kwa kitambo kidogo kabla ya kuiachilia, hata neno linalofuata likakuta mwangwi wa lile lililotangulia. Mwanafunzi aliyejifunza fonolojia ya Kiswahili ubaoni ataisikia hapo kwa mara ya kwanza ikitumiwa na watu mia moja kwa wakati mmoja.

Nyimbo nazo ni somo la pekee. Nyingi ni tafsiri zilizotiwa katika tuni za Kiingereza. Tuni hizo aghalabu hukamilisha mstari kwa pigo zito, kwa kuwa Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja yanayoweza kubeba mkazo mwishoni. Kiswahili hakina hulka hiyo. Neno kama “mkombozi” likiwekwa mwishoni mwa mstari hulazimika kuipa silabi -zi uzito ambao mzungumzaji hawezi kuupa akiwa nyumbani kwake. Hapa pana mgogoro wa kweli baina ya tuni na lugha, na waumini huutatua kila wiki bila ya kujua kwamba wanautatua: hupunguza kasi, huvuta irabu ya kabla ya mwisho, hulegeza pigo. Kwa upande mwingine, tuni za mistari yenye silabi nane nane huafikiana na kipande cha utenzi chenye mizani minane, na ushairi wa jadi wa Kiswahili huhesabu mizani, wala hauhesabu mkazo. Ni wanafunzi wangapi wa arudhi wamewahi kulichunguza hilo? Mjadala wa vina na mizani umekula karatasi nyingi tangu miaka ya 1970, ilhali nyimbo zinazoimbwa na mamilioni ya wasemaji wa lugha hii hazikualikwa barazani.

Maneno matatu

Kiini cha hoja, hata hivyo, kimo katika msamiati. Yatosha kuyachukua maneno matatu tu yanayorudiwarudiwa katika ibada yoyote ya Kikristo ya Kiswahili: Bwana, Mkombozi na mtumwa.

Neno “Bwana” husikika mara nyingi kiasi kwamba sikio hulizoea, likawa kama kipumuo. Lakini mtu aliyeuzwa Mkunazini alilijua kwa maana moja. Bwana ni yule aliyemnunua. Neno lililotumiwa kumwita mwenye shamba la mikarafuu likawa ndilo linalotumiwa kumwita Mungu, katika uwanja ule ule ambamo mabwana walisimama wakikagua meno na misuli ya waliouzwa. Linaweza kueleweka kwa njia mbili. Yamkini aliyelitamka alithibitisha kwamba hana budi kuwa na bwana maisha yake yote. Yamkini pia alitangaza kwamba bwana wa kweli ni mmoja, na kwa hiyo wengine wote ni waongo. Tafsiri hizi mbili zinapingana, na zote mbili zinawezekana. Fasihi hupenda maneno ya aina hii. Sajili iliyopangwa katika orodha haina nafasi nayo.

“Mkombozi” ni neno la biashara. Kukomboa ni kutoa mali ili kukirejesha kilichoshikwa na mwingine. Mtu hukomboa rehani yake, hukomboa mateka. Katika darasa la katekisimu la leo neno hili limekuwa laini, limekaribia kuwa jina tu. Katika Mkunazini ya miaka ya 1870 halikuwa laini hata kidogo. Aliyelisikia alijua bei. Alijua kwamba mtu hununulika, kwa sababu yeye mwenyewe alikwisha kununuliwa. Aliyeambiwa kwamba amekombolewa na mtu aliyelipa kwa damu yake hakuhitaji kufafanuliwa tamathali ya usemi. Aliielewa kuliko mfasiri mwenyewe.

La tatu ni “mtumwa”, na hili ndilo linalostahili kutuliwa zaidi. Mzizi wake ni -tuma. Katika mzizi huo mmoja Kiswahili kimezalisha maneno matatu yanayokutana ndani ya ibada: mtume, mtumwa na mtumishi. Mtume ameundwa kwa kiishio -e, kama mteule kutokana na teua: ni aliyetumwa. Mtumwa amechukua hali ya kutendwa waziwazi: naye ni aliyetumwa. Mtumishi ametokana na tumika, k ikageuka sh mbele ya irabu i, kama pika ilivyozaa mpishi. Basi kwa sarufi tupu, mtume na mtumwa ni mtu mmoja. Historia ndiyo iliyowatenga, mmoja akapelekwa mbinguni na mwingine sokoni. Tafsiri ya Biblia ya Muungano, iliyotoka ikiwa kamili mwaka wa 1952, humfanya Paulo ajiite mtumwa wa Kristo na Mariamu ajiite mjakazi, neno ambalo maana yake ni mtumwa wa kike. Tafsiri ya Habari Njema iliyokuja baadaye imependelea mtumishi. 

Waliofanya badiliko hilo walikuwa na sababu ya kichungaji. Utumwa ni jeraha la pwani. Zipo familia ambazo neno hilo likitajwa mbele yao hugeuka kuwa tusi, na hakuna mhubiri mwenye busara atakayependa kumtukana aliyekuja kusali. Hata hivyo, katika visiwa hivyo hivyo wapo wanawake wanaoitwa Mtumwa, jina la kuzaliwa, nao huitika bila ya haya. Lugha imelibeba neno hilo kwa mikono miwili, mmoja wa aibu na mmoja wa mapenzi. Mtumishi hulipwa mshahara na aweza kuacha kazi. Mtumwa hawezi. Aliyeandika barua hiyo kwa Kigiriki alitumia neno la mtumwa, na alijua anachokisema. Likibadilishwa, kinachopotea ni mshtuko wenyewe, na pamoja na mshtuko hupotea kumbukumbu ya waliokaa sakafuni Mkunazini na kulisikia neno lililowahi kuwa alama yao ya bei likitamkwa kama cheo. Kanisa lina haki ya kuchagua tafsiri litakayosalia. Mwanafunzi wa fasihi hana haki ya kutolijua lililoachwa.

Nani aliyeiandaa lugha hii?

Vitabu vingi vya historia ya Kiswahili hujibu kwa jina moja: Steere. Ni kweli kwamba mchango wake ni mkubwa. Kitabu chake cha sarufi na mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili vilichapishwa mwaka wa 1870, na tafsiri zake za maandiko na sala ziliweka msingi uliojengwa na wengine. Lakini hakuna mgeni afanyaye lugha peke yake. Steere mwenyewe aliandika kwamba mwanachuoni mmoja wa Kiislamu wa Unguja alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi, na kwamba lugha ya mwanachuoni huyo ilibainika kuwa ya juu mno kwa watu wa kawaida. Tukio hilo dogo lina uzito mkubwa. Laonyesha kwamba palikuwa na njia panda: Kiswahili cha ulamaa au Kiswahili cha sokoni. Kilichoshinda ni kile kilichoeleweka na waliokombolewa.

Na waliokombolewa walikuwa nani? Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, ambao Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya utekwa wao. Walijifunza njiani, majahazini na mashambani. Katika shule ya Kiungani na makazi ya Mbweni walifundishwa kusoma lugha hiyo, na baadhi yao walipanga herufi katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, yaani sala zilipitia vidoleni mwao kabla ya kufika midomoni mwa wengine. John Swedi, mmoja wa wavulana watano ambao Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer mwaka wa 1864, akawa shemasi mwaka wa 1879. Cecil Majaliwa akapewa daraja la ukasisi mwaka wa 1890. Hao wana majina. Walio wengi hawana, ingawa kila kosa walilosahihisha, kila neno walilolikataa kwa kutikisa kichwa, limo ndani ya kitabu.

Fauka ya hayo, ibada hii ya Kikristo imejengwa kwa matofali ya Uislamu. Ibada, sala, imani, dhambi, toba, rehema, baraka, sadaka, malaika, nabii, madhabahu, na hata kanisa, msalaba, kasisi na askofu, yote ni maneno yaliyopitia Kiarabu. Mengi yalikuwa vinywani mwa Waislamu wa pwani karne nyingi kabla ya misheni yoyote kufika. Waliofasiri hawakuvunja nyumba ya jirani ili wajenge yao. Waliazima mawe yake. Yafaa kukumbushwa katika zama hizi ambapo wafuasi wa dini hizi mbili huchochewa mara kwa mara kuonana kama maadui. Anayesali Mkunazini hawezi kutamka sentensi tatu bila ya kuazima kwa aliyesali msikitini alfajiri.

Mapingamizi

Wapo watakaosema kwamba idara ya Kiswahili si seminari, na kwamba kumtuma mwanafunzi ibadani ni kuingiza dini darasani kwa mlango wa nyuma. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama taaluma ya fasihi ya Kiswahili isingekuwa tayari imesimama juu ya matini za kidini. Utendi wa Tambuka wa mwaka wa 1728 ni utendi wa Kiislamu. Hufundishwa kwa Wakristo, Wahindu na wasio na dini, na hakuna aliyedai kwamba wanasilimishwa. Wanafunzi husafiri kwenda Lamu kusikiliza maulidi na huhesabiwa kuwa wamefanya utafiti. Kilicho halali kwa maulidi hakiwezi kuwa haramu kwa ibada ya Kanisa Kuu.

Wengine watasema kwamba kulitukuza kanisa hilo ni kuutukuza ukoloni. Misheni ilitangulia, bendera ikafuata, na mwaka wa 1890 Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Hilo ni kweli wala halifai kufichwa. Ila dawa ya historia chungu si kuziba masikio. Anayeyasikiliza maneno “Bwana” na “mtumwa” kwa makini mahali hapo husikia pia mashtaka dhidi ya waliojipa ubwana baada ya soko kufungwa. Kimya hakimshtaki mtu.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na latoka kwa waumini wenyewe. Mama aliyekuja kumwombea mtoto wake mgonjwa hakuja kufikiria mzizi -tuma. Hataki kutazamwa kama kielelezo cha utafiti. Ana haki kabisa. Kwa sababu hiyo mwanafunzi anayeingia humo aingie kama mgeni, wala asiingie kama mkaguzi: afike mapema, akae nyuma, afunge simu yake, asimame wanaposimama wenyeji, na kalamu aiache mfukoni hadi atakapotoka. Ataona kwamba ibada haichunguziki kwa dakika kumi. Huchukua muda wake wote, na maana yake haitoki katika neno moja moja bali katika kukaa pamoja na wanaolitamka.

Somo kwa Kenya

Msomaji wa Kenya asidhani kwamba hayo ni ya Unguja tu. Kisauni, Mombasa, makazi ya Frere Town yalianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, na kengele yake imeacha jina Kengeleni ambalo abiria wa matatu hulitaja kila siku bila ya kuwaza asili yake. Mombasa nayo ilikuwa na mapokeo yake ya lugha ya ibada. Krapf alifika huko mwaka wa 1844, na Taylor baadaye akatetea Kimvita kama lugha inayofaa kwa maandiko. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka wa 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka wa 1930, uamuzi huo uliingia hadi kanisani. Sala za Kimvita zilisukumwa kando. Nani amezikusanya?

Isitoshe, katika makanisa mengi makuu ya miji ya Kenya ibada hugawanywa kwa lugha. Ipo ya Kiingereza na ipo ya Kiswahili. Mgawanyo huo ungekuwa wa haki kama usingegeuka kuwa mgawanyo wa tabaka. Aghalabu hudhaniwa, ingawa haitamkwi, kwamba ya Kiingereza ni ya waliosoma na ya Kiswahili ni ya walioachwa nyuma na elimu. Mhadhiri anayefundisha Kiswahili Jumatatu hadi Ijumaa huonekana Jumapili akiingia ile ya Kiingereza, pengine kwa ajili ya watoto wake. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini katiba haiwezi kumlazimisha mtu aamini kwamba lugha yake yatosha kuzungumza na Mungu. Waliotolewa minyororo Mkunazini waliamini hivyo, tena kwa lugha ambayo wengi wao hawakuzaliwa nayo.

Nini kifanyike? Kwanza, sajili ya dini ifundishwe kwa matini na historia zake: mwanafunzi apewe aya moja katika tafsiri mbili au tatu, aeleze kwa nini mtumwa akawa mtumishi, na nini kilichopatikana na kilichopotea. Pili, vyama vya wanafunzi vinapoandaa safari za pwani, ratiba itenge Jumapili moja ya kuketi ibadani tangu maandamano ya kuingia hadi baraka ya mwisho. Tatu, wazee wa Frere Town na Rabai, ambao mababu zao walirithishana sala za Kimvita, wahojiwe na kurekodiwa na watafiti wa shahada za uzamili badala ya kila mmoja kuandika tasnifu nyingine kuhusu riwaya ile ile. Haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji unyenyekevu wa kusikiliza.

Ibada ya Mkunazini ikiisha, waumini hutoka uani. Watalii huwa wamekwisha kusimama mbele ya sanamu, kamera mkononi, wakitazama nyuso tano za mawe ambazo haziwezi kusema. Hatua chache kutoka hapo watu wenye pumzi wanaagana, wanaulizana hali, wanaitana mjomba na shangazi, kwa lugha ile ile iliyowahi kutumiwa kunadi bei katika kiwanja hicho. Lugha hiyo ilikombolewa pamoja na watu wake. Mwanafunzi wa Kiswahili na asimame upande wao, asikilize.